Uchaguzi wa Mfungaji

Mwaka wa sabini na moja, pale Igoma, niliendesha uchaguzi wa netiboli. Najua mtu akisikia hivyo anacheka, na mimi mwenyewe ningecheka kama ningekuwa nasimuliwa habari za mtu mwingine. Lakini aliyelifanya jambo hilo ni mimi, Ndalahwa, mkulima wa pamba, balozi wa nyumba kumi, mtunza muhuri wa tawi la TANU na mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya shule ya msingi. Vyeo hivyo vyote nilikuwa navyo kwa wakati mmoja, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko vyeo vyenyewe.

Binti yangu Justa alikuwa darasa la saba, tena mchezaji wa timu ya shule. Mwalimu wao wa michezo alikuwa Immaculata, mwanamke kijana wa Bukoba, aliyehamia kwetu mwaka uliotangulia akiwa na filimbi shingoni na sanduku moja la bati. Kabla yake wasichana walikuwa wakirushiana mpira tu na kugombana. Yeye aliwapanga. Kila asubuhi kabla ya namba za usafi, kila msichana alitupa mpira kwenye pete mara kumi kutoka kulia, mara kumi kutoka kushoto, mara kumi kutoka mbele, na aliyetia zaidi ndiye aliyekuwa mfungaji. Hakuna aliyefichwa kitu. Alama ziliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ya darasa, na mimi nilipita hapo karibu kila siku kwa baiskeli, lakini sikuwahi kushuka nikazisoma.

Mfungaji wake alikuwa Odeta, binti wa Kahigwa. Kahigwa naye alikuwa mtu wa Bukoba, fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Musoma. Odeta alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na katika mipira kumi alitia minane. Justa wangu alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu kama ya mama yake, na Mwalimu alimweka mlinzi.

Neno hilo ndilo lililoniharibu. Mlinzi tuliyemjua sisi pale Igoma alikuwa Shimba, mzee wa ghala la pamba la ushirika, ambaye alilinda kwa upinde na blanketi na alikuwa analala fofofo hata mara moja wezi wakamvua viatu. Jumapili moja baada ya misa tulikuwa kilabuni, na jirani yangu Maige, mtu wa midomo, akanigeukia mbele za watu.

"Barozi," alisema. Kwake balozi ilikuwa barozi maisha yake yote. "Nasikia binti yako amepata kazi shureni."

"Kazi gani?"

"Urinzi. Sasa anarara huko huko, au wanapokezana na Shimba?"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe yake. Nami nilicheka, maana usipocheka kilabuni watakurudia wiki nzima. Lakini nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, nikamwita Justa.

"Kwa nini wewe ni mlinzi?"

"Kwa sababu hakuna anayenipita, baba," alijibu, tena kwa furaha. Alinionyesha kwa mikono jinsi anavyomzuia mtu bila kumgusa.

"Na anayepigiwa makofi ni nani?"

Akafikiri. "Odeta."

"Haya. Nenda."

Sikuwa nimewahi kutazama mchezo wa netiboli tangu mwanzo hadi mwisho. Nilichojua ni kwamba mpira ukiingia kwenye pete watu wanapiga kelele na wanataja jina, na mtoto huitwa kwa jina la baba yake. Nilitaka watu wapige kelele waseme Justa Ndalahwa. Leo naweza kusema wazi kwamba Justa katika jina hilo hakunihangaisha sana. Nililolitaka lilikuwa la pili.

Mwezi wa saba kulikuwa na mashindano mjini Mwanza. Hapo ndipo wilaya ingechagua wasichana wa kwenda kambini na kisha Tabora, kwa treni, kushindana na wilaya nyingine. Kwa wale wa darasa la saba ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kila mtu pale shuleni alijua kwamba Odeta atachukuliwa. Watoto walikwisha kuanza kumwita "wa Tabora", naye alikuwa akiinamisha uso na kutabasamu.

Nilimwendea Mwalimu Immaculata jioni moja, wanafunzi walipokuwa wakimwagilia bustani. Alinipa shikamoo yangu na akaniletea kiti.

"Mwalimu, naomba Justa awe mfungaji."

"Mzee Balozi, Justa ni mlinzi wangu wa kutegemewa. Nikimwondoa pale nyuma, tutafungwa kama hatupo."

"Mlinzi anaonekana na nani?"

"Na mimi," alisema. Kisha, kwa kuwa aliniona sijaridhika, akaongeza kwa upole, "Lakini sikatai. Mlete asubuhi, nitampima kama wenzake. Akitia kuliko Odeta, nafasi ni yake."

Alimpima. Justa alitia mitatu katika kumi. Mwalimu alinitumia habari kwa heshima, kwa karatasi iliyokunjwa vizuri, na mimi nikaikunja tena nikaitia mfukoni kwa hasira. Nilijiambia kwamba hesabu hizo ni zake, chaki ni yake, na mfungaji ni mtoto wa kwao.

Siku hizo chama kilikuwa kimetoa mwongozo mpya kwa viongozi, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina yake mjini. Tulifundishwa kwamba kiongozi asiwe na kiburi, asiamue mambo peke yake, wananchi washirikishwe. Kwenye viwanda tulisikia wafanyakazi wamewasimamisha mameneja kwenye lango. Maneno yale yalikuwa mazuri na naamini mpaka leo kwamba yalikuwa mazuri. Lakini mimi nilirudi nayo Igoma nikatafuta meneja wa kumsimamisha, na mkubwa pekee niliyemwona mbele yangu ni msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye filimbi.

Niliitisha mkutano wa wazazi. Walikuja watu hamsini na tisa, tukajibana kwenye madawati ya darasa la saba, magoti yetu yakigonga mbao. Mwalimu Mkuu alikaa pembeni akikohoa. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga, na bado alikuwa anasubiri kupandishwa daraja. Nilisimama nikazungumza muda mrefu. Nilisema timu ni mali ya wananchi. Nilisema haifai mtu mmoja kuamua nani apae na nani abaki chini. Halafu nikasema, nikitabasamu, kwamba mimi sisemi kitu, ila watu wenye macho wanaona kwamba mwalimu na mfungaji wake wametoka ng'ambo moja ya ziwa.

Kahigwa alikuwa amekaa dawati la mwisho, mikono yake myeusi kwa grisi, akaitazama kana kwamba yeye ndiye aliyesema jambo baya. Mwalimu Immaculata alisimama.

"Ndugu wazazi," alisema, "ile pete iko juu futi kumi. Haitashuka kwa sababu ya azimio."

"Hiyo ndiyo dharau tunayoisema," nikajibu haraka, na baadhi ya watu wakaitikia, "Kweli."

Mwaka uliotangulia, katika uchaguzi wa bunge, nilikuwa msaidizi kwenye kituo cha kupigia kura. Wote tuliujua utaratibu: wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, na mwananchi asiyejua kusoma anachagua picha. Basi nikaufuata vilevile. Nilikuja na makopo mawili ya maziwa ya unga na nilikuwa nimebandika juu yake picha nilizochora mwenyewe kwa mkaa. Odeta nilimpa nyumba. Justa nilimpa jembe, na sikumpa bila kufikiri. Sisi ni wakulima, na kila mtu alijua jembe linavyopendwa. Makopo niliyaweka nyuma ya ubao ili kura iwe ya siri, na kila mzazi nikampa mbegu moja ya pamba.

"Sasa tunakwenda kupiga kula," akatangaza Maige, niliyemteua msimamizi.

"Chakula kiko wapi?" mtu akauliza nyuma, tukacheka wote, hata Mwalimu Mkuu. Ilikuwa ni shangwe kweli. Watu walikwenda nyuma ya ubao mmoja mmoja wakarudi wakiwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Tulimwaga mbegu mezani. Jembe, hamsini na nane. Nyumba, moja.

Nilimwangalia Kahigwa kwa huruma ya mshindi. Nilijua ile moja ni ya kwake, na nikaona ni haki yake, baba ni baba. Mwalimu Immaculata aliandika matokeo kwenye daftari lake, kisha akauliza, "Na nyuma atacheza nani badala ya Justa?" Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Tukamwambia atajua mwenyewe, yeye ndiye mwalimu.

Jioni ile nilikula kwa hamu. Mke wangu Bernadeta aliniandalia ugali na sato, akaketi kunitazama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Masikini Kahigwa," nikasema. "Kura moja."

"Ile si ya Kahigwa, Baba Justa," alisema. "Ile ni yangu."

Niliweka tonge chini.

"Justa ndiye aliyeniomba. Alisema, mama, wote watampa baba, wewe usinipe."

Nilimwita Justa kutoka jikoni. Alikuja, akasimama mlangoni, macho chini, vidole vyake vikifinyafinya upindo wa gauni. Nilikuwa na nafasi hapo. Hakuna aliyekuwa akitusikia, na kesho yake ningeweza kwenda shuleni nikasema wazazi wamefikiri upya. Badala yake hasira ilinipanda kwa sababu nilikuwa nimeumbuliwa na watu wa nyumbani mwangu, na sikutaka waone kwamba wameniweza.

"Kura imepigwa," nikasema. "Hakuna mtoto anayevunja azimio la wazazi."

"Ndiyo, baba," alisema, akarudi jikoni.

Kitu kimoja kilinifariji usiku ule kabla ya usingizi. Kama kura moja ilikuwa ya Bernadeta, basi Kahigwa mwenyewe, baba yake Odeta, alitia mbegu yake kwenye jembe. Nikajiambia, unaona, hata yeye ameona ukweli.

Kesho yake Kahigwa alikuja kwangu. Alivua kofia.

"Ndugu Balozi, nimemwambia binti akae pembeni kabisa. Asicheze hata nafasi nyingine. Sitaki aje alete maneno."

"Hiyo ndiyo nidhamu," nikamwambia, nikampiga begani. Alibaki amesimama pale uani akizungusha kofia mikononi, kama mtu mwenye haja nyingine. Sikumuuliza. Nilimwambia nina kikao, nikapanda baiskeli yangu, ile ile ambayo yeye alikuwa ameitengeneza breki.

Siku ya mashindano ushirika ulitupa lori. Mimi niliketi mbele na dereva. Nyuma wasichana waliimba mpaka mjini, na Odeta alikuwa kati yao na gauni lake la shule, amepakata kikapu cha machungwa. Mwalimu alikuwa amempa kazi hiyo ili angalau aje. Uwanja ulikuwa wa shule moja iliyoko karibu na ziwa, ukiwa umesimama kwenye goli unaona maji. Watu walikuwa wengi. Waamuzi wa wilaya walikaa kwenye meza chini ya turubai, na penseli zao na karatasi zao.

Tulipangiwa timu ya mjini, saa nane mchana. Wakati huo upepo wa ziwa unakuwa umeanza, nao ulikuwa unavuma kutoka upande wa goli tulilopaswa kufunga. Baadaye nilisikia kwamba Odeta alikuwa amefanya mazoezi ya upepo wiki tatu, kwa sababu Mwalimu aliuona uwanja huo mapema.

Justa alisimama chini ya pete na kitambaa cha herufi kifuani. Mpira wa kwanza ulimfikia vizuri. Aliutupa, upepo ukauchukua, ukagonga chuma ukatoka. Wa pili haukufika. Wa tatu ulipita juu. Kila alipokosa alinitazama mimi. Hakumtazama mwalimu wala wenzake, alinitafuta mimi katika umati wote ule mpaka anipate, kisha akageuka. Huku nyuma, mahali pake pa zamani, alikuwa amewekwa Celestina, mtoto mdogo wa darasa la tano, na wafungaji wa mjini walikuwa wanapokea mpira juu ya kichwa chake wanatia, wanapokea wanatia. Ndipo nilipouona ulinzi ni nini, kwa kuuona haupo.

Mtu aliyesimama karibu nami, mtu wa mjini mwenye suruali iliyopigwa pasi, alinigusa kiwiko.

"Mzee, yule mrefu anayekosakosa ni mtoto wa nani?"

Huu ndio wakati niliokuwa nimeutaka. Mtu aliniuliza jina, mbele ya Mwanza nzima.

"Simjui," nikasema.

"Wamemweka pale kwa nini?"

"Labda baba yake ni mkubwa," akasema mwenzake, wakacheka. Nami nilicheka. Nimewahi kutenda mabaya mengine maishani, lakini nikikumbuka kicheko changu kile, hata sasa nikiwa peke yangu shambani, huwa nasimama na jembe mkononi nikaona aibu kama vile watu wananitazama.

Filimbi ya mapumziko ililia tukiwa tumefungwa tisa kwa mawili. Nilisukuma watu nikaenda mpaka walipokaa wasichana wetu. Walikuwa wamejitupa kwenye nyasi, wanakula machungwa. Justa alikuwa amekaa mgongo wake ukinielekea.

"Mwalimu," nikasema, "mbadilishe. Mwingize Odeta. Justa arudi nyuma."

Mwalimu Immaculata alinyanyua macho. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Mzee Balozi, umekuja kunipangia timu tena?"

"Nimekosea. Nakuomba."

"Mimi nilimwomba tangu asubuhi," alisema. "Nilimwomba kwenye lori, nilimwomba hapa. Amekataa. Mwulize mwenyewe."

Nilimgeukia Odeta. Aliweka kikapu chini, akasimama wima, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Odeta mwanangu, vaa kitambaa, uingie ucheze."

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Baba amenikataza."

"Baba yako mimi nitazungumza naye. Mimi ndiye ninayekuruhusu."

Alimtazama Mwalimu, akatazama nyasi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, lakini wasichana wote walisikia: "Baba amesema nikicheza, hutamwandikia barua."

Ilinichukua muda kukumbuka barua gani. Hilo nalo ni la aibu. Ilikuwa imetoka amri ya kuondoa vibanda vyote vya barabarani, isipokuwa vya mafundi waliokuwa na barua ya balozi yenye muhuri wa tawi, ipelekwe kwa katibu tarafa kabla ya mwisho wa mwezi. Kahigwa alikuwa ameniomba barua hiyo kabla ya mkutano wa wazazi, na mara mbili zaidi. Kila mara nilimwambia nitaiandika. Ningesema nilikuwa na shughuli nyingi, na ni kweli zilikuwapo, lakini barua nyingine niliziandika wiki hizo hizo. Mahali fulani ndani yangu nilipenda kumwona ananijia kofia mkononi. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alitia mbegu yake kwenye jembe dhidi ya mtoto wake mwenyewe. Na wale hamsini na saba wengine, nani kati yao hakuwa na haja ya barua yangu, leo au kesho?

Justa alikuwa amegeuka. Chungwa lilikuwa mkononi mwake halijaliwa, na alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nitaiandika," nikamwambia Odeta. "Nitaiandika sasa hivi. Mwalimu, nipe karatasi."

Mwalimu alichana ukurasa kwenye daftari lake akanipa na penseli. Nilipiga goti moja, nikaweka karatasi kwenye paja, nikaandika: Mimi balozi namtambulisha kwenu ndugu. Odeta aliinama akasoma. Alikuwa amekwenda tarafani na baba yake, alijua mambo ya ofisi kuliko watu wazima wengi.

"Na muhuri?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtoto anayetamani jibu liwe zuri.

Muhuri ulikuwa nyumbani, Igoma, ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Siku zote niliuvaa shingoni ili watu wauone.

Filimbi ikalia. Wasichana sita wakainuka wakakimbilia uwanjani. Justa alibaki. Alifungua kitambaa chake akamnyooshea Odeta, na Odeta akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka. Walisimama hivyo mpaka mwamuzi akapiga filimbi mara ya pili. Kisha binti yangu akavaa tena kitambaa chake, akaenda kukosa magoli mbele ya watu kwa nusu nyingine nzima. Alicheza mpaka mwisho. Hakunitazama tena hata mara moja.

Tulifungwa kumi na tisa kwa matano. Jua lilipopungua waamuzi wa wilaya walisoma majina kumi na mawili ya wasichana wa kwenda kambini. Kutoka kwetu hakuchaguliwa hata mmoja. Nilimwona Mwalimu Immaculata ameinama mezani kwao anazungumza, mkono kifuani, na mwamuzi mmoja akimjibu, si kwa ubaya, kwamba wanachagua waliowaona wakicheza. Odeta alikuwa akiwapigia makofi waliotajwa. Alipigia kila jina.

Wakati wa kurudi sikukaa mbele. Nilipanda nyuma, nikidhani nitasema kitu. Wasichana waliokuwa wameanza wimbo wakauacha, wakanipisha nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Justa na Odeta walikaa pamoja mwishoni, mabega yamegusana, wamefunikwa kanga moja ya Mwalimu. Mpaka Igoma nilisikia injini tu.

Bado kulikuwa na mwanga nilipofika nyumbani. Sikula. Nilifungua kasha, nikaandika barua upya kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri, nikagonga muhuri mara mbili ili usiwe na shaka. Bernadeta alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliniona natoka na baiskeli, hakuniuliza ninakwenda wapi.

Kahigwa aliishi nyuma ya kibanda chake. Alinipokea kwa haraka, akafuta kiti kwa mkono wa shati. Nilimpa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka chini, akaugusa muhuri kwa kidole kuona kama umekauka, na uso wake ukafunguka.

"Asante, Ndugu Balozi. Asante sana. Mungu akuzidishie. Sikutegemea kwamba utanikumbuka."

"Kahigwa, nimekuja kusema kuhusu binti..."

"Najua, najua," alinikata, na hofu ikamrudia usoni. "Nimesikia alikujibu vibaya mbele ya watu. Mtoto hana mama, unisamehe. Nimekwisha kumkanya." Akageuka akaita, "Odeta! Njoo umshukuru Balozi."

Alitoka jikoni akijifuta mikono. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa moshi au kwa kitu kingine. Alikuja mpaka mbele ya kiti changu akapiga magoti kama wanavyofanya kwao, magoti yote mawili chini kwenye udongo, akanyoosha mikono.

"Asante, baba, kwa barua," alisema. "Shikamoo."

Nilitaka kumwambia ainuke. Nilitaka kumwambia kwamba Tabora ilikuwa yake na mimi ndiye niliyeichukua, na kwamba kati yetu wawili si yeye anayepaswa kuwa pale chini. Lakini nyuma yake Kahigwa alikuwa amesimama na barua kifuani, akinitazama mdomo, akisubiri kuona kama nimeridhika, na nilijua kwamba nikimwomba mtoto wake radhi hatalala kwa kutafuta nilichokimaanisha. Odeta alibaki amepiga magoti, kwa sababu nilikuwa sijaitikia.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya balozi.